UZI: Tunaopanga kuhiji Kashi kwa Dev Deepawali ya Novemba 2026, angalieni mwezi kabla ya kukata tiketi

Raskazone:

Wakuu salaam. Kila ikikaribia Diwali watu wananifuata chemba kuuliza habari za Kashi, wengi ni Wahindu wenzangu wa Tanga, Dar na Mombasa wanaotaka kumpeleka mama au bibi kabla miguu haijakataa, nimeona bora niandike hapa mara moja kila mtu asome. Ni ndefu, weka chai.

Kwa wageni kwanza. Kashi ndio Varanasi ndio Banaras, mji mmoja majina matatu, tiketi itaandikwa Varanasi, wazee nyumbani wanasema Kashi, na dereva wa bajaji kule atakwambia Banaras. Upo jimbo la Uttar Pradesh, ukingo wa magharibi wa mto Ganga, na pale mto unatiririka kuelekea kaskazini, ng'ambo ya pili hakuna majengo ni mchanga mtupu, kwaiyo ukikaa kwenye ngazi alfajiri jua linatoka mbele yako moja kwa moja juu ya maji. Hizo ngazi za mawe zinazoshuka mtoni ndio ghati, zipo zaidi ya 80, zimefuatana kuanzia Assi Ghat kusini mpaka Rajghat karibu na daraja.

Sasa kilichonifanya niandike. Baba alifariki mwaka 2022. Majivu yake mengi tuliyamwaga baharini hapa hapa kwetu, mama akabakiza kiasi kwenye kichungu cha shaba akakifunga kitambaa chekundu, akasema hiki nakipeleka Kashi mwenyewe, na nikifika nataka niione Dev Deepawali. Huo ndio usiku ambao ghati zote zinawashwa taa, wanasema mungu Shiva alimshinda pepo Tripurasura na miungu ikashuka kuoga Ganga, taa ni za kuipokea. Inaangukia Kartik Purnima, mwezi mpevu wa Kartik, siku kama 15 baada ya Diwali. Nikafungua kalenda ya ukutani, imeandikwa Kartik Purnima 8 Novemba. Wakala wa safari nae akaniambia ndio, 8. Nikakata tiketi za kufika Varanasi tarehe 8 saa tano asubuhi, hoteli nikalipa, gari nikalipa, nikajua nimemaliza.

Dereva aliyetupokea uwanja wa Babatpur akaniuliza mbona hamkuja jana. Sikumwelewa mpaka tulivyofika Assi. Ngazi zote zimejaa vitaa vya udongo vilivyozimika, tambi zimeungua nyeusi, mafuta yamemwagika kwenye mawe, na watu wanafagia. Taa ziliwashwa tarehe 7! Sababu yake tarehe 8 Novemba 2022 mwezi ulipatwa, na mwezi ukipatwa kwetu hakuna sherehe, kuna kipindi kinaitwa sutaki kinachoanza masaa tisa kabla, mahekalu yanafunga milango, wengi hawali, ikiisha mtu anaoga ndio mambo yanaendelea. Kwaiyo wenye mji waliivuta Dev Deepawali siku moja nyuma, na kalenda ya ukutani kwangu haikujua hilo.

Mama hakunigombeza. Aliokota kitaa kimoja akakifuta kwa ncha ya sari akakitia kwenye pochi, kipo kabatini kwake mpaka leo. Mimi usiku ule sikulala kabisa. Tarehe 9 alfajiri tukachukua boti, panditi, yaani kuhani wetu, akasoma, tukayaachia majivu ya baba katikati ya mto, hilo namshukuru Mungu lilienda vizuri.

2024 tulirudi. Mwaka ule ilikuwa 15 Novemba na nilipanga tofauti kabisa, na hilo ndilo nataka mlishike hata msiposoma kingine chochote humu: sikukuu za kule zinafuata mwezi na wanaoamua usiku upi ni watu wa kule kule, kwaiyo usipange KUFIKA siku ya sikukuu, panga uwe umeshakaa pale siku tatu nne kabla. Wakiivuta mbele au nyuma inakukuta umeshafika, umelala, umekula.

Mwaka huu 2026 Diwali ni Jumapili 8 Novemba na Dev Deepawali ni Jumanne 24 Novemba. Naendelea chini na ratiba, kuna mtu anauliza swali zuri kwanza.

Mkunazini:

Mkuu pole sana na msiba na pole ya hiyo safari. Mimi Muislamu wa Unguja, nimekua jirani na hekalu la Hurumzi pale, Diwali tukiletewa vitamu utotoni. Nauliza, kama mnafuata mwezi kama sisi mbona Diwali haizunguki mwaka mzima? Ramadhani leo iko kipupwe kesho iko kiangazi, Diwali siku zote naiona mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Hapo ndio sijaelewa hata kidogo.

Raskazone:

@Mkunazini asante sana ndugu yangu. Swali lako ndio ufunguo wa kupanga safari hizi kwaiyo nalijibu kwa urefu.

Miezi yetu ni ya mwandamo kama yenu, kumi na mbili yake inapungua siku kama 11 kwenye mwaka wa jua. Nyie mnauacha upungue ndio maana Ramadhani inazunguka. Sisi kila baada ya miaka karibu mitatu tunaongeza mwezi mzima, unaitwa adhik maas, mwezi wa ziada, kuurudisha mwaka kwenye majira yake. Mwaka huu ndio upo! Mwezi wa Jyeshtha umekuwa miwili, ule wa ziada ni kuanzia 17 Mei mpaka 15 Juni. Ndio maana Diwali iliyokuwa tarehe 20 Oktoba mwaka jana safari hii imesogea mpaka 8 Novemba. Mtu akichukua tarehe za mwaka jana akatoa siku kumi na moja kichwani, mwaka huu ataikuta Kashi tupu, sikukuu zote kuanzia Juni zimesogea mbele.

Cha pili, siku yenyewe. Siku ya mwezi kwetu inaitwa tithi, haianzi usiku wa manane na haianzi magharibi kama kwenu, inaanza saa yoyote kwa kufuata mwendo wa mwezi na jua. Inaweza kuanza saa kumi jioni leo ikaisha kesho mchana. Sasa sikukuu nyingine zinahesabiwa kwa tithi iliyopo jua likichomoza na nyingine kwa tithi iliyopo jioni. Kuoga kwa Purnima ni asubuhi, kuwasha taa ni jioni, ndio maana miaka mingine unasikia kalenda moja inasema siku hii na nyingine inasema siku ile na zote zimepigwa hesabu sawasawa. Mwaka huu bahati nzuri Purnima inaingia usiku wa kuamkia 24 na inatoka usiku wa tarehe 24, asubuhi na jioni zote zimo siku moja. Ila mimi kwa yaliyonipata bado nakwambia fika mapema.

Mkunazini:

Kumbe! Sasa nimeelewa. Shukran mkuu, nafuatilia.

Makadara_Mama_Wawili:

Raskazone shukran kwa huu uzi. Mimi niko Mombasa. Mamangu ana miaka 76, magoti hayamsaidii, anatembea na fimbo na mbali zaidi inabidi kiti cha magurudumu. Ndoto yake ni hekalu la Kashi Vishwanath na anataka iwe Mahashivratri, yaani siku yenyewe ya Shiva. Nimeona 2027 ni tarehe 6 Machi, Jumamosi. Ndugu zangu wanasema tumpeleke hiyo siku kwa sababu ndio aliomba. Wewe waonaje? Na tena, homa ya manjano, India wanaitisha cheti cha chanjo kweli ama ni maneno tu?

Raskazone:

Dada, shikamoo kwa mama. Nakujibu kama ningemjibu dada yangu wa tumbo moja: msimpeleke hekaluni siku ya Mahashivratri. Mpelekeni Kashi wiki ile kama ndio moyo wake, lakini ndani ya hekalu mumpeleke siku nyingine.

Ngoja nieleze kwanini. Kashi Vishwanath ni moja ya jyotirlinga 12, zile sehemu takatifu kuu za Shiva, na Mahashivratri mstari unaanza usiku wa kuamkia na unapita mitaa, watu wamesimama masaa na masaa. Kuna darshani, yaani kuingia kumuona Mungu hekaluni, ya kulipia inaitwa sugam, unalipa unapita njia fupi, na hiyo ndio watu wenye wazee wanaitegemea, sasa siku za umati mkubwa kama Mahashivratri na Jumatatu za mwezi wa Sawan wanaisitisha. Kwaiyo ile njia uliyodhani itamwokoa mama siku ile haipo. Mwili wa mtu wa miaka 76 hauwezi, na hata akivumilia atafika mbele ya Mungu akiwa hajui yuko wapi kwa uchovu.

Sisi 2024 tulienda Vishwanath siku tatu kabla ya sikukuu, siku ya kazi, tuliamka saa tisa usiku, saa kumi na moja alfajiri mama yupo mbele ya lingam, lile jiwe la Shiva, anamwaga maziwa. Alilia. Hakuna aliyemsukuma. Tulipata kiti cha magurudumu getini na njia sasa ni pana, sio kama zamani, ule mradi uliofunguliwa 13 Desemba 2021 umetoa njia kubwa kutoka Lalita Ghat kule mtoni mpaka hekaluni, kabla ya hapo ilikuwa vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana mmoja anageuka ubavu. Hekalu lenyewe ni lile lile alilolijenga malkia Ahilyabai Holkar wa Indore mwaka 1780 na dhahabu ya juu ni ya Maharaja Ranjit Singh wa Punjab, mweleze mama akiwa kwenye mstari, mama yangu alipenda sana kujua kwamba aliyelijenga ni mwanamke, tena mjane.

Simu, saa janja, mkoba, hata kalamu, acha hotelini, haviingii. Pasipoti beba.

Kuhusu manjano, cheti wanaitisha kweli kwa anayetoka Kenya au Uganda, sio maneno. Chanjo ichomwe angalau siku 10 kabla ya kufika, na ukishachanja cheti ni cha maisha. Ila kwa mama wa miaka 76 usikimbilie tu kituoni, chanjo hii kwa waliopita 60 inahitaji daktari amwangalie kwanza, nenda nae miezi miwili mitatu kabla muongee vizuri. Sisi wa Tanzania hasa ukipitia Nairobi usikiache nyumbani.

Makadara_Mama_Wawili:

Sikuwa najua kama sugam husitishwa. Hio imenisaidia zaidi ya yote. Nitaongea na ndugu zangu leo jioni.

Kijana_Makorora:

Mkuu mi Mkristo ila rafiki yangu wa shule ni Mhindu na kanialika twende wote Novemba. Je naruhusiwa? Na viza inakuaje?

Raskazone:

@Kijana_Makorora karibu sana, nenda. Ghati zote ni za watu wote, arati, ibada ya taa, ya jioni pale Dashashwamedh Ghat ipo kila siku ya mwaka, makuhani wanasimama kwenye majukwaa na taa kubwa za ngazi ngazi, kengele na makombe ya bahari yanayopulizwa kama baragumu, hakuna anayekuuliza dini. Hekaluni ndani utaulizwa pasipoti, fuata watakavyokuelekeza pale mlangoni. Kitu kimoja nakuomba, Manikarnika na Harishchandra ni ghati za kuchomea maiti, moto wa Manikarnika hauzimwi usiku na mchana, usipige picha pale hata ukiwa ndani ya boti. Wale ni baba na mama wa watu.

Viza ya kielektroniki ipo kwa pasipoti ya Tanzania na ya Kenya, unaombea mtandaoni kwenye tovuti ya serikali ya India yenyewe, tazama mwisho wa anwani uwe gov.in maana kuna tovuti nyingi za mawakala zinazofanana nayo zinachukua hela mara mbili tatu. Ile ya siku 30 dirisha lake linafunguliwa siku 30 kabla ya kufika, ya mwaka mmoja unaweza kuomba mapema zaidi. Pasipoti iwe na miezi sita mbele.

Na nyie wenzangu wa asili ya India, mkiwa na karatasi za babu, ulizieni kadi ya OCI (Overseas Citizen of India), inafika mpaka kitukuu, ukishaipata huombi viza tena. Kutafuta cheti cha babu aliyekuja na jahazi ni kazi, sisi cha kwetu tulikipata kwa shangazi kwenye sanduku la bati, ila ukikipata umepumzisha familia nzima.

BibiWaLeicester:

Hamjambo wanangu. Mimi niko Leicester Uingereza, tulitoka Kampala mwaka 1972 na sanduku mbili, Kiswahili changu cha zamani mnisamehe. Nasoma hapa nafurahi sana.

Nataka kuongeza kitu. Watu wengine hawaendi kwa taa, wanaenda kwa wazee waliokufa, kufanya shraadha, ibada ya marehemu, na kutoa pinda, madonge ya wali ya sadaka. Hiyo ni Pitru Paksha, siku kumi na tano za wazee, mwaka huu naona ni 26 Septemba mpaka 10 Oktoba. Mimi nilienda kwa ajili ya wazazi wangu, wote walikufa huku kwenye baridi. Kashi wakati ule mto bado umejaa maji ya mvua, ngazi nyingi zimefunikwa, ukiangalia unaona paa za vihekalu vidogo tu zimetoka kwenye maji, arati wanafanyia juu ya paa, boti serikali inakataza. Nilisikitika nikafikiri nimekosea wakati. Panditi akaniambia mama hukukosea, mto umepanda kukufuata. Basi nikakaa ngazi ya juu nikafanya pale.

Halafu tukaenda Gaya kwa gari, jimbo la Bihar, karibu kilomita 250, hekalu la Vishnupad, mto unaitwa Falgu. Ukiwa mkavu unachimba mchanga kwa mkono maji yanakuja. Anayetaka kufanya kitu cha wazee aweke Kashi na Gaya kwenye safari moja, asiende mara mbili kama mimi. Na achukue majina ya wazee vizazi vitatu ameandika kwenye karatasi, baba, babu, baba wa babu, na upande wa mama pia, maana panditi atauliza na pale akili inapotea.

Raskazone:

Shikamoo mama. Asante sana kwa hili, hasa karatasi ya majina. Mimi 2022 panditi aliponiuliza jina la baba yake babu nilibabaika, mama ndie aliyelitaja.

BibiWaLeicester:

Marahaba mwanangu. Mungu amweke mama yako.

Raskazone:

Sasa ratiba ya Novemba kama nilivyoahidi. Hii ni yetu, mama sasa ana miaka 74, wewe rekebisha kwa miguu ya mzee wako.

Treni kwanza maana hapo wengi wataumia. Kati ya Diwali na Chhath, ile sikukuu ya kuabudu jua, mwaka huu arghya ya jioni, sadaka ya maji kwa jua, ni 15 Novemba na inaisha alfajiri ya 16, watu wa Bihar na mashariki ya Uttar Pradesh wanaofanya kazi Delhi na Mumbai wote wanarudi makwao, treni za kuelekea mashariki zinajaa mpaka mlangoni. Usipange kusafiri kwa treni kutoka Mumbai kwenda Varanasi wiki ile ukiwa na mzee. Sisi tunatua Mumbai, tunalala, tunaunga ndege mpaka Varanasi tarehe 17 Jumanne, Chhath imeshaisha. Anayependa treni, ipo Vande Bharat kutoka Delhi, masaa nane hivi, viti vizuri, lakini kumbuka tiketi za treni za India sasa zinafunguliwa siku 60 kabla ya safari, zamani ilikuwa 120, kwaiyo weka alamu kwenye simu ukate siku hiyo hiyo asubuhi. Na angalia jina la stesheni, kuna Varanasi Junction, kuna Banaras, kuna Kashi, na ile ya ng'ambo iliyokuwa Mughalsarai siku hizi inaitwa Pt. Deen Dayal Upadhyaya, hiyo ipo mbali kidogo na mji, ukishuka huko na mizigo usiku utasumbuka.

Tarehe 18 mama analala na kupumzika, jioni tunaenda kwa Kal Bhairav, yule ndie mlinzi wa mji, wazee wanasema ukiingia Kashi unapiga hodi kwake kwanza. Tarehe 19 Alhamisi alfajiri Vishwanath, na ukitoka mlangoni pale jirani ni Annapurna, mama wa chakula, usimruke. Wale watakaokuwepo mapema zaidi, kuanzia Dhanteras, siku mbili kabla ya Diwali, sanamu ya dhahabu ya Annapurna inafunguliwa siku chache tu kwa mwaka mzima, mimi sijawahi kuipata na naitamani sana.

Tarehe 20 na 21 hatuna mpango, kukaa kwenye ngazi tu. Hizi siku tupu msizifute jamani. Mama 2024 alichokumbuka kuliko vyote ni asubuhi moja Assi, kuna kipindi kinaitwa Subah-e-Banaras, arati ya alfajiri halafu muziki, alikaa na bibi mmoja kutoka Madhya Pradesh hawana lugha moja hata neno, walishikana mikono saa nzima. Na malaiyyo inaanza kuuzwa baridi ikiingia, povu la maziwa na zafarani kwenye kikombe cha udongo, unakula linayeyuka kabla hujameza, inauzwa asubuhi tu, saa tano imeisha.

Jumapili 22 tutaenda Sarnath, kilomita kama 10, pale Buddha alipotoa mahubiri yake ya kwanza, kumetulia kuna bustani. Jumatatu tarehe 23 hekaluni hatusogei kabisa, Jumatatu ni siku ya Shiva na watu wa tarehe 24 watakuwa wameshaingia mjini.

Sasa tarehe 24 yenyewe. Magari hayafiki karibu na ghati siku ile, eneo la Godowlia pale katikati ya mji lote wanafunga, mnatembea. Ndio maana nasema kwa mzee lala ASSI, sio katikati. Hoteli za karibu na Dashashwamedh na Manikarnika zinavutia kwenye picha lakini zipo ndani ya vichochoro, ngazi, ng'ombe, pikipiki, na wakifunga njia hutoki. Assi barabara inafika karibu, kuna uwazi. Bei zinapanda sana wiki ile na hoteli zinazotazama mto zinataka ulipe usiku kadhaa kwa pamoja, Julai Agosti uwe umeshalipa.

Boti. Kila mtu anataka boti usiku ule na ni kweli mandhari ni ya boti, ukiwa mtoni unaona ghati zote zinawaka mstari mmoja. Lakini boti zinakwama kwa wingi, unaingia saa tisa mchana unatoka saa tatu usiku, na boti ndogo hazina choo. Mzee mwenye sukari au presha anayemeza dawa za kukojoa usimtie humo. Sisi tulichofanya 2024, saa kumi jioni kabla umati haujafika tulishuka nae kwenye ngazi za chini Assi, tulinunua vitaa 11 na samli, akavipanga mwenyewe, akawasha kimoja kimoja akitaja majina, cha kwanza cha baba. Kile alichokiokota 2022 alikuwa nacho, alikiosha mtoni akakitia samli kikawaka na vingine. Tukamrudisha, jua likizama alikuwa amekaa kwenye kiti juu ya paa la hoteli na shali, mto wote unawaka chini yake mpaka kona ya mwisho. Mimi na mdogo wangu tukaenda kutembea kwa zamu.

Vijana wenye miguu tembeeni mpaka Panchganga Ghat, wengi wanakomea Dashashwamedh. Desturi hii ya kuwasha ghati nzima ilifufuliwa pale Panchganga miaka ya 1980, na kuna mnara wa mawe wenye vishikio vya taa kibao, nao wanasema ni wa Ahilyabai, ukiwashwa wote unakuwa kama mti wa moto. Nendeni mapema mrudi kabla ya saa moja na nusu.

Ngamiani_Juu:

Samahani mkuu, maji je? Mto Ganga watu wanasema ni mchafu, mama yangu atataka kuzama na kunywa na mimi naogopa.

Raskazone:

Swali la haki. Maji yanapita mji mkubwa na mitaro inaingia, hilo watu wa kule wenyewe wanalisema. Mama yangu aliingia, alizama mara tatu akanishika mkono, sikumzuia na sitamzuia, kwake ule ni mama. Ila tulifanya hivi: tulichukua boti asubuhi mpaka ng'ambo upande wa mchanga, kule hakuna umati na unaingia taratibu, ngazi za ghati zina utelezi kweli, wazee wanavunjika nyonga pale. Kunywa hakunywa, panditi alimdondoshea tone moja kiganjani akaligusisha kwenye midomo. Vidonda vya miguuni tulifunga kabla, hasa kwa mwenye sukari, na tukarudi akaoga maji ya moto. Ya kubeba nyumbani yapo kwenye vichupa vya shaba vilivyofungwa, ndugu wote watakuulizia, nunua vingi.

Makadara_Mama_Wawili:

Nimerudi. Tumekubaliana jana usiku. Hatuendi Machi, tunaenda na nyinyi Novemba, mama amesema kama Shiva yuko kila siku basi atamuona hata Alhamisi. Daktari wa chanjo tunamwona wiki ijayo. Baridi iko aje? Huyu ni mtu wa Mombasa maisha yake yote.

Raskazone:

Dada nimefurahi mno. Mchana jua zuri kama Lushoto, jioni mtoni inashuka inaingia kwenye mifupa, na mkichelewa mkakaa mpaka mwisho wa Disemba na Januari ni ukungu wa kuchelewesha ndege na treni, kwaiyo rudini kabla. Mletee mama soksi, sweta, na shali nzito ya kujifunika mpaka kichwani, na hiyo shali iwe kwenye begi la mkononi sio la chini ya ndege. Tutakuwa Assi kuanzia tarehe 17, ukifika nitumie ujumbe chemba, mama zetu wakae pamoja kwenye ngazi.